Nishati Ndani ya Mwili: Historia ya Betri za Vipandikizi na Funzo la Kabezi

Tarehe 8 Oktoba 1958, katika Hospitali ya Karolinska, Stockholm, daktari Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kidhibiti mapigo ya moyo kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Betri yake ya nikeli na kadimiamu ilichajiwa kupitia ngozi. Kifaa kilizimika baada ya saa chache. Hata hivyo, Larsson aliishi hadi 2001, akibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Uhai wake ulitegemea betri, na vilevile ukaribu wa hospitali.

Kuanzia 1960, Wilson Greatbatch na daktari William Chardack wa Marekani walitumia betri za zebaki na zinki. Betri hizo zilitoa haidrojeni, hivyo hazikuweza kuzibwa kabisa, na majimaji ya mwili yalipenya gamba la epoksi. Betri ya lithiamu na iodini, iliyopandikizwa kwa mara ya kwanza Ferrara, Italia, mwaka 1972, haikutoa gesi. Kwa sababu hiyo iliwezekana kuizibia ndani ya chuma, nayo ikadumu miaka mingi zaidi.

Nyuzi za kuhifadhi nishati zinalifufua suala hilo la kuziba. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walieleza namna ya kutengeneza nyuzi ndefu za betri ya lithiamu kwa ajili ya vitambaa. Uzi wa namna hiyo ukiingizwa mwilini, hauwezi kufungiwa ndani ya chuma kigumu bila kupoteza unyumbufu wake. Usalama wake hutegemea utando laini unaoufunika. Kwa hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba utando mpya hauzidhuru seli. Yapasa uzi upindwe maelfu ya mara katika majimaji yenye joto la mwili, kisha uvujaji upimwe.

Kipimo kingine hakipatikani maabara. Huko Kabezi, kusini mwa Bujumbura, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha mwaka 2006 huduma ya dharura za uzazi, magari ya wagonjwa yakiziunganisha zahanati na kituo cha upasuaji. Ripoti yake ya 2012 ilikadiria kwamba vifo vya uzazi wilayani vilipungua kwa asilimia 74. Upasuaji wenyewe haukuwa mgeni katika tiba. Jipya lilikuwa njia ya kuufikia kwa wakati.

Kipandikizi nacho humfunga mgonjwa na njia hiyo maisha yake yote. Kabla ya kuidhinisha nyuzi hizo, watunga sera wanapaswa kudai majibu matatu: zitadumu muda gani, zitatoa onyo gani kabla ya kuisha, na nani atazitoa mwilini karibu na makazi ya mgonjwa.