Chaki za Maswa na Hesabu ya Ufa

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu Bariadi, ulisifika kwa pamba kabla ya kusifika kwa chaki. Katika nusu ya pili ya muongo wa 2010, mkoa ulipohimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake, vijana wa Maswa walishika utengenezaji wa chaki za shule, kazi ambayo ndani yake mna swali la zamani la wahandisi: kwa nini vitu viwili vya unga mmoja na kalibu moja havivunjiki kwa nguvu moja?

Chaki ya namna hii hutokana na jasi, madini laini ambayo yakipashwa moto hupoteza sehemu kubwa ya maji yake, na unga wake ukikorogwa na maji huganda upya ndani ya kalibu. Uji huo ukimiminwa kwa pupa hufungia viputo vya hewa, na kila kiputo huwa mlango wa ufa. Chuma laini hupinda kabla ya kukatika, na hivyo hutoa onyo. Chaki haipindi, bali hukatika ghafla.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha, kwa kutumia kioo, kwamba nguvu ya kitu cha aina hiyo hutegemea ukubwa wa nyufa zilizomo. Mwaka 1939 Waloddi Weibull wa Uswidi aliligeuza jambo hilo kuwa hesabu ya uwezekano, akikichukulia kitu kama mnyororo unaokatikia penye pete dhaifu kuliko zote. Ikiwa nusu ya chaki ina nafasi 90 kati ya 100 ya kuhimili mkazo fulani, chaki nzima, ambayo nusu zake zote mbili hazina budi kuhimili mkazo uleule, ina nafasi 81 tu.

Weibull aliweka pia kipimo cha mtawanyiko, ambacho kikiwa kikubwa huonyesha kwamba vipande vingi huvunjikia karibu na nguvu moja, na kikiwa kidogo, kwamba kila kipande kina bahati yake. Kwa hiyo ubora wa chaki haupimwi kwa wastani pekee, kwa kuwa wastani mzuri hauiokoi chaki moja yenye kiputo mikononi mwa mwalimu. Ubora huo huanzia kwenye ukorogaji, pale viputo vinapotolewa kabla uji haujaganda.