Fort Jesus tumeenda, Merti je?

Wasee, trip yetu ya sekondari ilikuwa Fort Jesus. Safari ndefu mpaka matako yakafa ganzi. Tukaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593, na Waingereza wakaifanya jela 1895 hadi 1958. Tukaandika yote, si mtihani unakuja?

Sasa, huku kwetu Waingereza waliifunga NFD nzima 1926. Kuingia au kutoka ni kibali. Hiyo pia ni jela, ni vile tu haina ukuta wa kupigia picha. Uhuru ukaja, vita vya Shifta vikaanza, na serikali yetu wenyewe ikawarundika Waborana kambini, Merti na Garba Tulla. Mifugo ikafa kwa kukosa malisho, mingine kwa risasi. Wazee wanauita wakati huo Gaf Daba.

Mimi chuo niliacha, nichekeni tu, lakini hii hakuna mwalimu aliyenifunza. Ni nyanya. Na bado yupo, mwalimu yeyote akitaka kuleta darasa.