Barafu ya Sotoka

Mpelelezi Oscar Baumann alipofika Ngorongoro Machi 1892, Wamasai aliowakuta kwenye kreta walikuwa wamebaki ngozi na mifupa. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imeshuka kutoka kaskazini, ikafagia ng'ombe pamoja na nyati na nyumbu, na mfugaji aliyeishi kwa maziwa hakuwa na pengine pa kushika.

Wakati huo, kwingineko ulimwenguni, barafu ilikuwa imeshakuwa biashara. Mwaka 1833 Frederic Tudor wa Boston alipeleka Calcutta tani zipatazo 180 zilizokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts. Zilifika kama 100, zikawekwa ghalani ili mabwana wa Kiingereza wanywe baridi. Anasa tupu. Ngorongoro barafu ilikuja kwa shughuli nzito zaidi.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Muguga karibu na Nairobi, mtafiti Walter Plowright alikuwa amepata chanjo madhubuti ya sotoka: kirusi hai kilichopunguzwa makali, kikakaushwa kwenye chupa ndogo. Adui wa chanjo hiyo alikuwa joto. Vyumba vya baridi vilikuwa mijini, ng'ombe walikuwa Endulen na Loliondo, na kutoka Makuyuni kupitia Karatu hadi geti la Ngorongoro ilikuwa vumbi na makorongo. Kazi ilianza alfajiri. Chanjo ikishachanganywa na maji yake, haikungoja mtu: chupa ilikaa kwenye barafu, ng'ombe walisukumwa kibanioni mmoja mmoja, na jua likipanda kila mtu alitupia jicho boksi la barafu. Kilichobaki jioni kilimwagwa, hata kama kulikuwa na kundi bado njiani.

Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja, lakini ng'ombe walipoacha kuugua nao walipona. Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walifikia kama milioni 1.3. Kwangu mimi, hao ndio walionufaika zaidi na barafu ambayo hawakuiona.

Hata hivyo sotoka ilirudi kaskazini mwa Tanzania mwaka 1982, na tena mwaka 1997. Kufikia mlipuko huo wa pili, mtafiti Jeffrey Mariner alikuwa ameshabadili ukaushaji wa chanjo ileile, ikaweza kukaa hadi siku 30 bila friji. Mchanjaji sasa aliweza kuifuata mifugo kwa miguu.

Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imetokomezwa duniani. Virusi vilivyosalia vimefungiwa kwenye majokofu ya maabara chache zilizoidhinishwa, mojawapo Debre Zeit, Ethiopia.