Nyimbo Tatu za Dhiki, Amani Tatu

Mkristo akifiwa, kwetu huimbiwa. Mara nyingi wimbo hutangulia mahubiri, na waombolezaji wanaokosa la kumwambia mfiwa humwimbia. Desturi hii inajulikana katika nchi nyingi za Kikristo, lakini amani inayoimbwa si moja kila mahali. Tuziweke pamoja nyimbo tatu: moja ya Ujerumani, ya pili ya Marekani, na ya tatu iliyokuzwa na Uamsho wa Afrika Mashariki.

Martin Rinckart alikuwa mchungaji wa Kilutheri mjini Eilenburg, katika Saxony, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Wakimbizi walijazana ndani ya kuta za mji, na mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wenzake walikufa au waliondoka, naye akabaki kuzika maelfu ya watu, mkewe akiwa miongoni mwao. Hata hivyo wimbo wake mashuhuri, Nun danket alle Gott, ni wa shukrani. Inaelezwa kwamba ulianza kama sala ya mezani, na kiini chake kimetoka Yoshua bin Sira, sura ya 50. Hautaji jeneza wala jeshi. Unamshukuru Mungu kwa malezi yake tangu utotoni, kisha unaomba moyo mchangamfu na amani.

Karne mbili baadaye, Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, aliona mali aliyowekeza ikiathiriwa na moto mkubwa wa mwaka 1871. Novemba 1873 meli Ville du Havre iligongana na nyingine katika Atlantiki ikazama. Binti zake wanne walikufa maji. Mkewe, Anna, aliokolewa. Kutokana na msiba huo ukapatikana wimbo ambao wasemaji wengi wa Kiswahili wanaujua kama Ni Salama Rohoni Mwangu. Philip Bliss aliutungia muziki, na sauti hiyo akaipa jina la meli ile ile.

Rinckart anasema kwa niaba ya kusanyiko. Spafford anaisemea nafsi yake. Wa kwanza anayanyamazia maafa, wa pili anayataja, kisha anaelekea msalabani na Siku ya Mwisho. Tofauti hiyo ina mizizi. Mlutheri wa karne ya 17 alilelewa katika ibada ya pamoja, ambamo shukrani ni wajibu wa kila siku, iwe njema au mbaya. Spafford alikuwa rafiki wa mhubiri Dwight Moody, na katika mikutano ya injili ya wakati ule ushuhuda wa moyo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito mkubwa. Ukimya wa Rinckart haumaanishi kwamba hakuumia, wala nafsi ya Spafford haikuwa na ubinafsi. Kila mmoja aliomboleza kwa lugha ya imani aliyorithi.

Wimbo wa tatu, Tukutendereza Yesu, hautokani na msiba. Maneno yake ya Kiganda yana asili katika wimbo wa Kiingereza, lakini uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliufanya kuwa salamu ya waliookoka kuanzia Uganda na Burundi hadi Kenya na Tanzania. Husifu damu ya Yesu inayosafisha, na huimbwa mtu anapoungama mbele ya wenzake. Hapa amani haianzi mezani wala ndani ya nafsi pekee. Huanza pale ndugu wawili wanapopatana na "kutembea nuruni". Amani hiyo ilijaribiwa. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, Wakikuyu wengi wa uamsho walikataa kula kiapo, na walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, naye mtu wa uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mwenzake katika uamsho, Askofu Festo Kivengere, alikimbilia Rwanda, kisha akaandika kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Mtu anaweza kuona shukrani ya Eilenburg, utulivu wa Spafford na upatanisho wa Gahini kuwa njia zisizokutana. Hakika zinaanzia mahali tofauti, lakini hakuna hata moja inayoahidi kwamba kilichopotea kitarudi hapa duniani, na kila moja imemrudisha mwamini kwa jirani yake. Rinckart aliwagawia wenye njaa chakula chake. Mwaka 1881 akina Spafford walihamia Jerusalem, na jumuiya waliyoianzisha huko ikawahudumia Waislamu, Wayahudi na Wakristo. Kivengere aliendelea kuhubiri msamaha. Tumaini lao halikuwafumba macho wasiyaone mateso ya wengine.

Kwa hiyo tunapokwenda kwa mfiwa, tusimdai amani ya aina moja. Yuko atakayeweza kushukuru, na yuko atakayehitaji kwanza kuyataja mawimbi yaliyompiga. Mwingine hatapata usingizi mpaka apatane na nduguye. Tumwimbie wimbo unaomfaa, na ukiisha tubaki naye tumsaidie kazi za msiba.