Nafuu ya kodi ya nyumba ilivyobadili fedha za shule California

Nchini Kenya, mishahara ya walimu wa shule za umma hutoka kwa Serikali Kuu kupitia Tume ya Huduma za Walimu, nayo kodi ya ardhi huenda kwa serikali za kaunti. Nchini Marekani, mambo hayo mawili hufungamana. Katika majimbo mengi, kodi ya nyumba na ardhi ndiyo nguzo ya bajeti ya shule za mtaa. Mwenye nyumba akipunguziwa kodi, pengo huonekana darasani.

Kielelezo maarufu ni California. Katika miaka ya 1970, bei za nyumba zilipanda kwa kasi na kodi ikapanda nazo. Wastaafu walidaiwa fedha wasizokuwa nazo kwa sababu tu nyumba zao zilikuwa zimepanda thamani. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mnamo Juni 6, 1978, karibu asilimia 65 ya wapigakura waliidhinisha Pendekezo la 13, lililoasisiwa na Howard Jarvis na Paul Gann. Kodi ilipewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani ya mali. Makadirio yalirejeshwa kwenye kiwango cha kati ya 1975 na 1976, na yasingepandishwa kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe.

Mapato ya kodi hiyo yalipungua kwa zaidi ya nusu. Wilaya nyingi za elimu zilifuta masomo ya likizo ya kiangazi. Gavana Jerry Brown, aliyekuwa amelipinga pendekezo hilo, alitumia akiba ya jimbo kuzinusuru. Tangu hapo, uamuzi kuhusu fedha za shule ukahamia Sacramento, makao makuu ya jimbo.

Hata hivyo, utaratibu wa awali nao haukuwa na usawa. Katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest ya mwaka wa 1971, Mahakama ya Juu ya California ilielezwa kuwa wakazi wa Baldwin Park walitozwa kodi kwa kiwango kilichozidi maradufu kile cha matajiri wa Beverly Hills, ilhali shule zao zilitumia chini ya nusu ya fedha kwa kila mwanafunzi.

Tatizo jipya ni kwamba hazina ya jimbo hutegemea sana kodi ya mapato, hasa ya matajiri, ambayo huyumba pamoja na soko la hisa. Pendekezo la 98 la mwaka wa 1988 lilizihakikishia shule kiwango cha chini cha fedha, lakini uchumi ulipodorora mwaka wa 2008, maelfu ya walimu walipokea barua za kuachishwa kazi. Mwaka wa 2012 wapigakura wakakubali, kupitia Pendekezo la 30, kupandishiwa kwa muda kodi ya mauzo na ile ya mapato ya matajiri.

Kodi ya majengo yenyewe haijaguswa kirahisi. Mnamo 2020, Pendekezo la 15 lilitaka majengo makubwa ya kibiashara yatozwe kwa thamani ya soko, na sehemu ya fedha hizo ziende shuleni. Takriban asilimia 52 ya wapigakura walilikataa.