Wakili aliyekosekana kwenye notsi zangu

Nimerudi chuo salama kutoka TP kule Mugumu, Serengeti. Vituko vya geto nitawapa siku nyingine, leo nina deni.

Kidato cha nne niliandika ubaoni sababu za vyama vingi kurudi Afrika Mashariki: ukuta wa Berlin, wahisani kubana misaada. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani huku kwetu hakuna mtu aliyesema hapana?" Nikababaisha. Mimi wa Tarime, ukitoka Sirari hatua chache uko Kenya, nikashindwa kutaja hata jirani!

Jirani mwenyewe ni Gitobu Imanyara, wakili wa Meru. Mwaka 1987 alianzisha jarida, Nairobi Law Monthly. Jarida la sheria jamani, ungedhani ni la wavaa majoho tu. Lakini tangu 1982 katiba ya Kenya ilikuwa na kifungu cha 2A, chama ni KANU peke yake, na kule mtaani watu walinong'ona tu. Yeye yale ya kunong'ona akayachapa kama hoja za kisheria, na jina lake juu. Mwaka 1990 akachapa mjadala wa vyama vingi. Julai Matiba na Rubia wakakamatwa, Saba Saba ikawaka Nairobi, naye akawekwa ndani. Kule Kamiti alichanganywa na wafungwa wagonjwa wa akili. Septemba jarida likapigwa marufuku. Machi 1991 wakamkamata tena, eti mchochezi. Mwaka huohuo wachapishaji wa magazeti duniani wakampa tuzo ya Golden Pen of Freedom, na Desemba 2A ikafutwa. Sisi Bongo tulifuata Julai 1992.

Ubunge nao aliupata, Imenti ya Kati, 1997. Akaangushwa 2002, akarudi 2007. Baada ya zile vurugu za uchaguzi akapeleka muswada wa mahakama maalumu ya kuwashtaki wahusika nyumbani Kenya. Mwishoni mwa 2009 ukakwama, akidi haikutimia. Hapa ndipo niliposikitika kuliko kwenye habari za Kamiti. Safari hii hakuna aliyemfunga, wenzake hawakuingia ukumbini, basi.

Notsi mpya nimeandika, kurasa mbili. Zinaondoka na basi la Jumatatu kwenda Mugumu, mwalimu wa somo kaahidi kumpa yule binti.