Hongo, Kipande na Karantini: Maneno ya Mpakani katika Nyanda za Juu za Kusini

Wachunguzi wengi wa historia ya mipaka ya nchi zetu huanza na ramani na mikataba. Makusudi ya insha hii ni kuanza na maneno. Kila utawala uliopata kumsimamisha msafiri njiani ulihitaji neno la kumwambia, na mengi ya maneno hayo yangali midomoni mwetu, ijapokuwa maana zake zimegeuka. Tutaanzia Kalenga, mji mkuu wa Wahehe zamani za Mkwawa, kisha tutafuata njia ya kusini hata Tunduma.

Neno la kwanza ni hongo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani haikupita bure katika nchi za watawala wa bara. Speke, aliyepita Ugogo mwaka 1860, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote wawili waliandika habari za malipo hayo: nguo za merikani na kaniki, ushanga, na nyaya za shaba, ambazo hesabu yake ilipatikana baada ya mashauri marefu. Wageni hao waliyaona malipo kuwa unyang'anyi. Kwa mtawala yalikuwa ada. Msafara ulikunywa maji ya visima vya wenyeji, ulinunua chakula chao, na ulikanyaga ardhi yao. Aliyekwisha kulipa alikuwa amepewa njia. Ushuru wa forodha aliotoza Sultani wa Unguja haukuwa mbali sana na jambo hilo, ila ule uliandikwa daftarini na huu haukuandikwa.

Uhehe ulikuwa na nguvu ya kushika njia zake. Jina Iringa lenyewe hufasiriwa kuwa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome, na Kalenga ilizungukwa na ukuta. Nani apite na nani asipite lilikuwa shauri la Mkwawa. Wajerumani walipotaka njia za misafara ziwe chini ya bendera yao, ugomvi wao na Wahehe ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya haki hiyo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikishambulia kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, naye akauawa pamoja na wengi wa askari wake. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliiteka Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hata tarehe 19 Julai 1898, alipojiua asikamatwe. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kilidai fuvu lake lirudishwe. Lakini fuvu lililotambuliwa kuwa lake halikufika Kalenga mpaka mwaka 1954.

Neno hongo halikufa pamoja na ngome. Lilishuka cheo. Yawezekana maana ya kumlainisha mtu kwa zawadi ilikuwamo katika kitenzi honga tangu zamani. Lakini ile ya ada halali ya njia ndiyo iliyotoweka, na leo hongo ni rushwa, wala haina maana nyingine katika mazungumzo ya kawaida. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwenye haki ya kupokea aliondolewa, na haki ya kutoa ruhusa ikahamia ofisini. Tangu hapo, aliyepokea mali ya msafiri bila stakabadhi hakuwa tena mtawala, bali karani au askari anayekiuka sheria.

Ofisi ilileta maneno yake. Cheti latoka katika lugha za Bara Hindi. Ruhusa na kibali yatoka Kiarabu. Pasi yatoka Kiingereza. Kibali lastahili kuangaliwa zaidi. Asili yake ni kukubaliwa, na hata sasa twasema mtu amepata kibali mbele ya watu, yaani wamempenda na kumpokea. Katika lugha ya serikali likawa karatasi yenye mhuri. Kwanza mgeni alikubaliwa yeye. Baadaye ilikubaliwa karatasi aliyoishika.

Kipande nalo lafundisha kwamba neno moja laweza kubeba sheria mbili. Nchini Kenya, kwa sheria ya 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa hati yenye alama za vidole, ambayo mwanamume Mwafrika aliivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kazi, iliyomalizika mfanyakazi alipotimiza siku 30. Mtu wa Iringa aliyekwenda mkongeni na Mkikuyu wa Nairobi walitamka neno moja, lakini wa kwanza alikuwa akihesabu ujira wake na wa pili akionyesha haki yake ya kutembea. Mwanahistoria asiyeitambua tofauti hiyo atasoma vibaya ushahidi wa wazee.

Karantini ni neno la mwisho. Asili yake ni arobaini ya Kiitaliano, kwa sababu ya siku ambazo merikebu zilizuiwa katika bandari kama Venice. Kwetu pwani lilijulikana kwa vituo kama kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ambako gereza lililojengwa katika miaka ya 1890 liligeuzwa mahali pa kuwatenga wasafiri. Lakini katika Nyanda za Juu wafugaji wengi walilijua kwa ng'ombe. Sotoka iliangamiza mifugo katika miaka ya 1890, na ilipotokea tena, ng'ombe walizuiwa kuvuka na minada ilifungwa. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetoweka duniani mwaka 2011.

Mwaka 2020 neno hilo lilirudi kwa watu. Tarehe 11 Mei Zambia iliufunga mpaka wake huko Nakonde, uso kwa uso na Tunduma. Tarehe 16 Mei Kenya ilizuia wasafiri wa Tanzania, ikawaruhusu madereva wa mizigo kwa sharti la kupimwa. Na tarehe 18 Mei Tanzania iliondoa sharti la siku 14 za karantini kwa wageni. Katika juma moja serikali tatu zilitoa amri tatu juu ya njia moja, na dereva wa lori alipaswa kujua ni ipi imshikayo.

Yafuatayo ni ya wanakamusi hasa. Fasili ya hongo isiyotaja ada ya njia humfanya msomaji wa leo amhukumu Mkwawa kuwa mla rushwa, hali alikuwa akitoza kile ambacho leo vituo vingi vya mpakani vyatoza kwa jina la viza. Maana ya zamani na irudishwe katika kamusi, pamoja na wakati wake na mahali pake. Vivyo hivyo kipande kigawanywe kwa nchi, na karantini ioneshwe kuwa ya watu na ya mifugo. Kazi hiyo ni ndogo, lakini bila yake tutaendelea kuwasoma wazee wetu kwa maana walizopewa na wale waliowashinda.